Uboreshaji wa Mipangilio ya Ukataji wa Mbao kwa Leza ya Kabonidioksidi: Nafasi ya Utofauti wa Mbao katika Usanifu wa Majaribio

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kutafuta mipangilio bora ya mashine ya leza ya kabonidioksidi inapotumika kukata mbao na plaiwudi nyembamba. Hoja inayojengwa ni kwamba mpangilio bora si nukta moja inayoweza kunakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine, bali ni eneo ambamo mkato hubaki wa kuridhisha hata ubao unapobadilika. Kwa sababu hiyo, utofauti wa mbao hauna budi kuingizwa ndani ya usanifu wa majaribio badala ya kuachwa nje kama jambo la bahati. Makala inaeleza fizikia ya mkato, vigeu vya mashine, vyanzo vya utofauti katika mbao, upimaji wa matokeo, na makosa ya kitakwimu yanayojitokeza pale jedwali la Taguchi la L9 linapotumiwa bila tahadhari. Mifano yote ya hesabu ni ya ufafanuzi tu, na haiwakilishi data za majaribio.

1.0 Utangulizi

Leza ya kwanza, iliyotumia fuwele ya rubi, iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1964, Kumar Patel aliunda leza ya kabonidioksidi katika maabara za Bell. Leza hii hutoa mwale wenye urefu wa wimbi wa mikrometa 10.6, ambao hauonekani kwa macho lakini hufyonzwa vizuri sana na mbao, karatasi, ngozi na nguo. Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya kuwa zana kuu ya kukatia vitu vyenye asili ya mimea.

Katika miji ya Afrika Mashariki, mashine ndogo zenye mirija ya kioo hutumika katika karakana za mabango, mapambo, vifaa vya kufundishia, vinyago vya kuunganisha na vielelezo vya usanifu wa majengo. Mashine kama hiyo mara nyingi huambatana na jedwali la mtengenezaji linaloonyesha nguvu na kasi ya kukatia kila aina ya malighafi. Fundi akilifuata jedwali hilo hukuta kwamba ubao mmoja umekatika vizuri, wa pili haukupenya, na wa tatu umeungua kingo. Hasara yake inahesabika: ubao uliotupwa, muda uliopotea, oda iliyochelewa na, katika hali mbaya zaidi, moto ndani ya mashine.

Tatizo hilohilo hujitokeza katika utafiti kwa sura nyingine. Tasnifu inaweza kuhitimisha kwamba mpangilio bora ni wati kadhaa kwa kasi fulani, kisha mtafiti mwingine akarudia kazi hiyo kwa ubao wa duka jingine na asipate matokeo yaleyale. Swali linaloongoza makala hii, basi, ni hili: mpangilio unaoitwa bora ni bora kwa ubao upi, kwa kipimo kipi, na kwa uhakika wa kiasi gani?

2.0 Namna leza inavyokata mbao

Mbao haiyeyuki kama chuma au akriliki. Mwale unapoifikia, joto huvunjavunja kemikali zake na kuzigeuza kuwa gesi, mvuke wa lami na makaa. Mchakato huo hujulikana kama pirolisisi. Viambajengo vikuu vitatu vya mbao havivunjiki katika joto moja. Hemiselulosi huanza kuvunjika kwa haraka kuanzia takribani nyuzi joto 220 za selsiasi, selulosi hufuata kati ya takribani 315 na 400, ilhali lignini huvunjika polepole katika masafa mapana zaidi na kuacha makaa mengi kuliko viwili vya kwanza.

Kutokana na tofauti hiyo, weusi wa kingo hauwezi kuondolewa kabisa kwa kubadili mipangilio. Pembeni mwa mkato daima kuna ukanda uliopata joto la kutosha kuvunja sehemu ya kuni lakini lisilotosha kuigeuza yote kuwa gesi. Uboreshaji unaweza kuupunguza ukanda huo, na jambo hilo hutegemea zaidi muda ambao joto hupewa kusambaa. Nishati inayotolewa haraka mahali padogo huondoa kuni kabla joto halijasafiri mbali. Nishati ileile ikitolewa polepole huingia zaidi ndani ya ubao na kuunguza kingo.

3.0 Vigeu vya mashine

3.1 Nguvu na kasi

Kigeu kinachounganisha nguvu na kasi ni nishati ya mstari, yaani nguvu kugawanywa kwa kasi. Leza ya wati 60 inayosafiri milimita 20 kwa sekunde hutoa jouli 3 kwa kila milimita ya mkato. Ubao ukiwa na unene wa milimita 3, kila milimita ya mraba ya uso wa mkato hupata jouli 1. Kipimo hiki huwezesha kulinganisha mipangilio iliyo mbali kimuonekano: wati 30 kwa milimita 10 kwa sekunde hutoa nishati ya mstari ileile.

Hata hivyo, nishati ileile haimaanishi mkato uleule. Mpangilio wa pili huchukua muda maradufu, na joto hupata nafasi ya kusambaa. Ndiyo maana nishati ya mstari hueleza vizuri iwapo ubao utapenya, lakini hueleza kwa upungufu kiasi cha weusi kitakachobaki.

Ikumbukwe pia kwamba asilimia inayoonekana kwenye kioo cha mashine si wati. Mirija ya kioo hupungua nguvu kadiri inavyozeeka na kadiri maji ya kuipoza yanavyopata joto. Katika pwani yenye joto, mtafiti anaweza kushawishika kupoza maji hayo hadi nyuzi 18. Lakini hewa yenye nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi takribani 25. Mrija uliopozwa chini ya hapo huweza kulowa kwa nje, na palipo na volteji kubwa umande ni hatari kwa mashine na kwa mtumiaji. Kwa hiyo, joto la maji lirekodiwe katika kila jaribio, na nguvu halisi ipimwe kwa kipima nguvu cha leza badala ya kukisiwa kutokana na asilimia.

Kasi nayo ina mtego wake. Kichwa cha mashine hakifikii kasi kilichoagizwa papo hapo. Kikiwa na mchapuko wa milimita 1,000 kwa sekunde ya mraba, huhitaji milimita 0.2 tu kufikia kasi ya milimita 20 kwa sekunde, lakini huhitaji milimita 5 kufikia kasi ya milimita 100 kwa sekunde. Sampuli ya mraba wenye upande wa milimita 10, ikikatwa kwa kasi hiyo ya pili, ingefikia kasi iliyokusudiwa katikati tu ya kila upande kabla ya kuanza kupungua. Vipimo vya sampuli hiyo vingekuwa vya kasi nyingine kabisa kuliko ile iliyoandikwa katika jedwali la matokeo.

3.2 Fokasi

Lenzi huukusanya mwale hadi doa dogo. Kipenyo cha doa hilo hukokotolewa kwa kuzidisha 4, urefu wa wimbi, urefu wa fokasi na kipimo cha ubora wa mwale, kisha kugawanya kwa zao la pai na kipenyo cha mwale unapoingia kwenye lenzi. Chukuliwe lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50.8, mwale wenye kipenyo cha milimita 7, na kipimo cha ubora cha 1.2. Doa linalopatikana ni la milimita 0.12 hivi.

Doa hilo halibaki dogo kwa umbali mrefu. Kwa vipimo hivyohivyo, fokasi ikiwekwa juu ya uso wa ubao wa milimita 3, kipenyo cha mwale upande wa chini hufikia takribani milimita 0.43. Fokasi ikishushwa hadi katikati ya ubao, kipenyo huwa takribani milimita 0.24 juu na chini, na nishati hugawanyika kwa ulinganifu zaidi. Hesabu hii ni ya mwale unaosafiri katika hewa tupu. Ndani ya mkato, kuta za mbao hufyonza sehemu ya mwale, na umbo halisi la mkato hutofautiana na umbo la mwale. Hata hivyo, hesabu inatosha kuonyesha kwamba milimita 1.5 za fokasi si jambo dogo, na kwamba ubao uliopinda huleta kigeu ambacho hakikuandikwa popote.

3.3 Hewa

Hewa inayopulizwa kupitia nozeli hufanya kazi tatu: huondoa gesi na masizi ndani ya mkato, huzuia ndimi za moto, na huikinga lenzi na uchafu. Hewa dhaifu huacha moshi ukiganda juu ya ubao na huufanya mwale upite katika wingu la chembe. Kwa upande mwingine, hewa ina oksijeni inayoweza kuchochea uunguaji wa kingo. Naitrojeni hupunguza uunguaji huo, lakini gharama yake huiweka nje ya uwezo wa karakana nyingi ndogo. Shinikizo lipimwe karibu na nozeli, kwa sababu kipimo kilicho kwenye kompresa hakionyeshi upotevu unaotokea katika mipira mirefu na viungo vinavyovuja.

4.0 Mbao kama chanzo cha utofauti

Mtafiti wa metali hununua bati lenye kiwango kinachojulikana. Mtafiti wa mbao hununua sehemu ya mti uliokulia mahali fulani, ukapata mvua na kiangazi, ukatoa matawi na kuacha vifundo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ugumu wa uboreshaji katika fani hii.

Densiti ndiyo sifa ya kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Msindano wa aina ya Pinus patula, unaopandwa kwa wingi katika shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, ni mwepesi kuliko mpingo kwa zaidi ya nusu. Mninga na msaji hukaa kati ya hizo mbili. Kila milimita ya ujazo wa mbao nzito ina kuni nyingi zaidi ya kuondolewa, hivyo huhitaji nishati zaidi. Utofauti haupo baina ya spishi peke yake. Ndani ya ubao mmoja wa msindano, pete zilizoota mwanzoni mwa msimu ni nyepesi kuliko zilizoota mwishoni, na kifundo ni kizito kuliko zote.

Sifa ya pili ni unyevu. Mbao hupata usawa na hewa inayoizunguka: katika unyevunyevu wa asilimia 50 hutulia kwenye unyevu wa takribani asilimia 9, na katika asilimia 80 hutulia karibu na asilimia 16. Kwa hiyo ubao uliokaa miezi kadhaa katika ghala la pwani si ubao uleule uliokaa nyanda za juu wakati wa kiangazi.

Ni vema athari ya unyevu ikadiriwe kabla ya kulaumiwa. Chukuliwe mbao yenye miligramu 0.6 za kuni kavu kwa kila milimita ya ujazo. Kupanda kutoka asilimia 9 hadi 16 kunaongeza miligramu 0.042 za maji. Kuyapasha maji hayo na kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji takribani jouli 0.11. Mkato wenye upana wa milimita 0.2 unaopokea jouli 1 kwa milimita ya mraba hupewa jouli 5 kwa kila milimita ya ujazo. Gharama ya moja kwa moja ya maji ya ziada, basi, ni kama asilimia 2 ya nishati iliyotolewa. Maji huathiri pia upitishaji wa joto na unene wa ubao, kwa hiyo athari kamili yaweza kuwa kubwa zaidi. Lakini hesabu inaonya dhidi ya mazoea ya kuuita unyevu chanzo cha kila mkato ulioshindikana bila kupima densiti, vifundo na hali ya lenzi.

Sifa ya tatu inahusu plaiwudi. Karatasi inayouzwa kuwa ya milimita 3 huweza kupungua au kuzidi unene huo, na tabaka zake za ndani huweza kuwa na mapengo au viraka visivyoonekana. Gundi nayo hutofautiana. Gundi ya fenoli inayotumika katika plaiwudi ya kustahimili maji kwa kawaida hukatika kwa shida zaidi kuliko gundi ya urea. Penye mrundikano wa gundi, mwale huweza kushindwa kupenya hata kama maeneo yote ya jirani yamekatika.

5.0 Vigeu tegemezi na upimaji wake

Neno “bora” halina maana mpaka kipimo kitajwe. Upana wa mkato huamua iwapo viungo vya kuchomekana vitabana au vitalegea. Mwinamo wa kingo hupatikana kwa kutoa upana wa chini kutoka upana wa juu na kugawanya kwa mara mbili ya unene. Kwa mfano, milimita 0.30 juu na 0.18 chini, katika ubao wa milimita 3, ni mwinamo wa digrii 1.1 hivi. Upana wa ukanda ulioathiriwa na joto hupimwa kwa hadubini, na weusi wa kingo huweza kupimwa kwa kiwango cha mng’ao cha mfumo wa rangi wa CIELAB badala ya kukadiriwa kwa macho. Zaidi ya hayo, kuna muda wa kukata na kuna swali la msingi la iwapo kipande kimetoka chenyewe bila kulazimishwa.

Vipimo hivi huvutana. Kuongeza kasi hupunguza weusi lakini huhatarisha upenyaji. Kuongeza nguvu huhakikisha upenyaji lakini hupanua mkato. Tasnifu inayoboresha kipimo kimoja na kunyamazia vingine haijatoa mpangilio bora. Imechagua upande mmoja wa mvutano bila kumweleza msomaji.

6.0 Usanifu wa majaribio

6.1 Kwa nini kigeu kimojakimoja hakitoshi

Njia ya kubadili kigeu kimoja huku vingine vikiwa vimesimama huonekana makini, lakini huficha mwingiliano. Athari ya kasi kwenye wati 40 si sawa na athari yake kwenye wati 80. Ronald Fisher alilieleza tatizo hili katika utafiti wa kilimo, na kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio kiliweka misingi mitatu ambayo haijachakaa: kurudia, kupanga kwa nasibu, na kugawa katika makundi yanayofanana.

Misingi hiyo ina maana ya wazi kabisa katika ukataji wa mbao. Mrija hupata joto kadiri siku inavyosonga, na lenzi huchafuka kadiri vipande vinavyokatwa. Majaribio ya nguvu ndogo yakifanywa yote asubuhi na ya nguvu kubwa yote alasiri, hakuna uchanganuzi utakaotenganisha athari ya nguvu na athari ya uchafu wa lenzi. Kupanga kwa nasibu ndiko kunakozuia hilo. Vilevile, kila ubao uchukuliwe kuwa kundi, na mipangilio yote ikatwe ndani ya kila ubao, ili tofauti baina ya mbao isichukuliwe kimakosa kuwa tofauti baina ya mipangilio.

6.2 Jedwali la L9 na mipaka yake

Mbinu ya mhandisi wa Kijapani Genichi Taguchi hupendwa kwa sababu hupunguza kazi. Vigeu vinne vyenye viwango vitatu kila kimoja hutoa michanganyiko 81. Jedwali la othogonali la L9 huhitaji 9 tu. Punguzo hilo lina bei yake, na bei hiyo haina budi kutajwa kwa mambo matatu.

Kwanza, katika L9 mwingiliano wa vigeu vya safu mbili za kwanza umo katika safu mbili zilizobaki. Nguvu na kasi zikiwekwa katika safu za kwanza, fokasi na hewa katika zilizobaki, mwingiliano wa nguvu na kasi huchanganyika na athari za fokasi na hewa. Fizikia ya sehemu ya 3.1 imekwisha kuonyesha kwamba mwingiliano huo upo, kwa kuwa nguvu hugawanywa kwa kasi. Mtafiti anaweza basi kutangaza kwamba hewa ina athari kubwa ilhali alichokiona ni kivuli cha nishati ya mstari. Tiba mojawapo ni kuchanganua logarithimu za matokeo pale fizikia inaporuhusu, kwa kuwa logarithimu ya uwiano ni tofauti ya logarithimu mbili, na mwingiliano wa aina hiyo hutoweka. Tiba nyingine ni kuacha safu moja au mbili wazi, au kutumia jedwali kubwa zaidi.

Pili, majaribio 9 hutoa digrii 8 za uhuru, na vigeu vinne vyenye viwango vitatu huzimaliza zote 8. Hakuna inayobaki kwa ajili ya kukadiria kosa. Jedwali la uchanganuzi wa varianzi linaloonyesha thamani za F katika hali hiyo halina budi kueleza kosa lilitoka wapi. Kuziunganisha athari ndogo na kuziita kosa baada ya kuona data huzifanya athari zilizobaki zionekane na uzito kuliko zilivyo.

Tatu, kupima mkato mmoja mara tano si kurudia jaribio mara tano. Vipimo hivyo vitano hueleza usahihi wa hadubini na wa jicho, lakini havielezi ubao unaofuata utafanya nini. Marudio ya kweli ni mkato mpya, katika mpangilio uliowekwa upya, na inapowezekana katika ubao mwingine.

6.3 Kuingiza mbao katika usanifu

Wazo la Taguchi lenye thamani kubwa zaidi kwa fani hii si jedwali dogo, bali ni kutenganisha vigeu vinavyodhibitiwa na vigeu vya usumbufu. Nguvu, kasi, fokasi na hewa hudhibitiwa. Densiti, unyevu, vifundo na gundi ni usumbufu: karakana haiwezi kuviamuru, lakini maabara inaweza kuvichagua. Mipangilio 9 ikikatwa katika mbao 4 zilizochaguliwa kwa makusudi, mbili nyepesi na mbili nzito, mbili kavu na mbili zenye unyevu, jumla ni mikato 36. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa maabara ya kawaida.

Uwiano wa ishara na usumbufu hutumika kulinganisha uthabiti wa mipangilio. Chukuliwe, kwa ufafanuzi, mpangilio wa kwanza unaotoa upana wa milimita 0.19, 0.20 na 0.21 katika mbao tatu, na wa pili unaotoa 0.16, 0.20 na 0.24. Wastani wa yote miwili ni 0.20. Lakini uwiano wa mraba wa wastani kwa varianzi ni 400 kwa wa kwanza na 25 kwa wa pili, sawa na desibeli 26 na 14. Tasnifu inayoripoti wastani peke yake ingesema mipangilio hiyo inalingana. Fundi anayeunganisha vipande angejua ndani ya saa moja kwamba hailingani. Hata hivyo, uwiano huo huchanganya wastani na mtawanyiko katika namba moja. Kwa hiyo ni salama zaidi kuripoti vyote viwili kando kando.

7.0 Kutoka nukta hadi eneo

Baada ya majaribio ya mchujo, mbinu ya uso wa mwitiko, ambayo msingi wake uliwekwa na Box na Wilson mwaka 1951, huwezesha kuchora namna matokeo yanavyobadilika kati ya viwango vilivyopimwa. Usanifu wa Box na Behnken wa mwaka 1960 kwa vigeu vitatu huhitaji majaribio 12 pamoja na marudio ya kitovu, mara nyingi 3. Una faida kwa leza kwa sababu hauhitaji kukata katika pembe za mwisho kabisa, ambako nguvu kubwa hukutana na kasi ndogo na moto huwa karibu.

Vipimo vinapovutana, kazi ya matamanio iliyoendelezwa na Derringer na Suich mwaka 1980 huvigeuza vyote kuwa kipimo kimoja kati ya 0 na 1. Uzito unaopewa kila kipimo ni uamuzi wa mtafiti na si ugunduzi wake, hivyo lazima uandikwe pamoja na sababu zake. Karakana ya mapambo ingeweza kuupa weusi uzito mkubwa. Ya vifaa vya kufundishia ingeweza kuupa upana wa mkato.

Mfano ufuatao unaonyesha kwa nini eneo lina manufaa kuliko nukta. Chukuliwe kwamba ubao mwepesi hupenya kwa jouli 1.0 kwa milimita ya mraba, na mzito kwa 1.25. Kwa wati 60 na unene wa milimita 3, kasi ya juu kabisa ni milimita 20 kwa sekunde kwa ubao wa kwanza na 16 kwa wa pili. Jaribio lililotumia ubao mwepesi pekee lingetangaza kwamba kasi bora ni 20. Karakana ikiifuata, kila ubao mzito utakwama. Kasi ya 16 hukata mbao zote, lakini huupa ubao mwepesi robo zaidi ya nishati unayohitaji na hivyo kuongeza weusi, na mkato wa mita moja huchukua sekunde 62.5 badala ya 50. Uchaguzi kati ya sekunde hizo 12.5 na ubao uliokwama ni suala la gharama, na unawezekana tu pale ambapo tasnifu imeripoti mipaka ya eneo zima.

Mpangilio uliopendekezwa hauna budi kuthibitishwa kwa mikato mipya katika mbao ambazo hazikutumika kuujenga. Bila hatua hiyo, modeli imejaribiwa dhidi ya data iliyoizaa.

8.0 Usalama kama sharti la uboreshaji

Usalama haupaswi kuwa kipimo kimojawapo cha kupunguzwa ili kingine kiongezeke. Ni mpaka unaoamua mipangilio ipi iingie katika majaribio. Mchanganyiko wowote unaowasha moto endelevu uondolewe, hata kama kingo zake ni nzuri. Moshi wa plaiwudi hubeba kaboni monoksidi, chembe ndogo na fomaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kiwango cha uvutaji wa moshi ni sehemu ya maelezo ya jaribio. Mbao zilizotibiwa kwa dawa yenye arseniki na mbao zilizofunikwa kwa plastiki ya PVC zisikatwe kabisa, kwa kuwa za kwanza hutoa moshi wenye sumu na za pili hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Mwale wa mikrometa 10.6 hufyonzwa na konea ya jicho na huweza kuiunguza. Mfuniko wa mashine ubaki umefungwa, na mashine isiachwe ikikata bila mtu.

9.0 Hitimisho

Uboreshaji wa ukataji wa mbao kwa leza huanza na fizikia inayojulikana: nishati ya mstari huamua upenyaji, muda huamua kusambaa kwa joto, na fokasi huamua umbo la mkato. Ugumu hautokani na mashine peke yake, bali na kukutana kwa mashine inayorudia amri ileile na ubao usiofanana na mwenzake. Tasnifu inayokusudia kuwafaa watafiti na mafundi inapaswa kuripoti wati zilizopimwa, joto la maji, shinikizo kwenye nozeli, nafasi ya fokasi, spishi, densiti, unyevu na unene halisi wa kila ubao. Inapaswa pia kueleza digrii za uhuru za kosa zilitoka wapi, mwingiliano upi umechanganyika na athari ipi, na mpangilio uliopendekezwa ulithibitishwa katika mbao zipi. Msomaji akiyapata hayo, hatalazimika kuamini nukta iliyotolewa; ataweza kukadiria mwenyewe iwapo ubao ulio mbele yake umo ndani ya eneo lililopimwa au umevuka mipaka yake.